Tiki za Buluu, Jibu Hakuna

"Imejifunga tena!"

"Nimeona."

"Hata mstari wa pili sijafika!"

"Zule, si nimesema nimeona? Macho ninayo. Leta hapa."

Nyaguthii aliichukua simu mkononi mwa Zulekha, akaipangusa kioo kwa ncha ya leso na kuigeuza nyuma na mbele. Kibanda chake cha kutengeneza simu kilipakana na duka la ushonaji la Zulekha, nyuma ya msikiti wa mjini Kitale. Kwa miaka sita wanawake hawa walikuwa wamegawana ukuta mmoja wa mabati, stima moja, na umbea wote wa mtaa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri.

"Ilianza lini?"

"Jumatano jioni. Meseji za wateja zinafunguka vizuri tu. Nikigusa jina la Naim, pap! Inanitoa nje. Ati app imesimama."

"Ni za Naim peke yake?"

"Peke yake."

"Basi labda simu imeona mwanamume hakufai."

"Nyaguthii!"

"Natania bana. Umeizima ukaiwasha?"

"Mara nne."

Zulekha hakuwa na moyo wa utani. Jumapili, kesho kutwa tu, wazee wa Naim walikuwa waje kutoka Bungoma kuchukua jibu la posa. Na Jumatano, ujumbe wa Naim ulipoingia, alikuwa ameona maneno yake ya mwanzo yakipita juu ya kioo: *Zulekha, kabla wazee hawajaja, kuna jambo lazima ulijue. Mama...* Hapo yakakatika. Mama nini? Kwa siku mbili alikuwa akijaza pengo hilo kichwani, na kila alichojaza kilimnyima usingizi.

"Mama yake amenikataa," alisema. "Ni nini kingine?"

"Si umpigie umuulize?"

"Baba amekataza. Kwetu, barua ya posa ikishapokewa, mposaji na binti hawapigiani simu mpaka jibu litoke. Hata laini yangu ameitoa kwenye simu, ameifungia kabatini na vitambulisho."

"Sasa hizi meseji zinaingia na nini?"

"Na wifi, ile intaneti ya kibanda chako."

Nyaguthii alimkodolea macho.

"Baba alichukua laini," Zulekha akasema, akiangalia pembeni. "Wifi hakuitaja. Na alisema tusipigiane. Kuandikiana hakusema."

Nyaguthii alicheka hadi bisibisi ikamponyoka ikaanguka chini ya meza. "Wewe ungesomea uwakili, si kushona marinda! Haya, nimwandikie kwa simu yangu, nimwambie yako inasumbua?"

Zulekha alifikiri, kisha akatikisa kichwa. Kama ni kukataliwa, hakutaka kukataliwa kwenye simu ya mtu mwingine, mbele ya jirani. Alitaka kuyasoma maneno yenyewe, akiwa peke yake, yakiwa vile Naim alivyoyaandika. "Hapana. Tengeneza tu. Naim ni mtu wa subira, atangoja."

Hapo, jamani, ndipo alipokosea. Lakini angejuaje?

Nyaguthii aliingia kwenye setingi za simu. "Angalia hapa. Hii inaitwa kashe, ni takataka ndogondogo ambazo app inajiwekea. Ukifinya hapa unafagia takataka. Lakini hii ya chini yake usiiguse, hii inafuta kila kitu. Wengi hufinya zote mbili, halafu wanakuja kwangu kulia."

Alifagia takataka. Wakafungua jina la Naim. Pap! Nje.

"Tuifute app yote tuipakue upya?" Zulekha akauliza.

"Ulishawahi kuhifadhi meseji mahali?"

"Hata sijui zinahifadhiwa wapi."

"Basi tukifuta, na huo ujumbe wa mama umeenda."

"Usifute!"

"Sijafuta. Tulia." Nyaguthii alisogeza kidole, akapiga mluzi. "Aa. Ugonjwa nimeuona. Simu imejaa, Zule, imejaa pomoni. App yenyewe ni ya mwaka juzi. Ile mpya inataka nafasi ya kukaa, na nafasi hakuna. Umeweka nini humu?"

"Picha za kazi. Magauni yote niliyoshona. Vipimo vya wateja pia navipiga picha."

"Na haya maua ya Ijumaa Karim, mia tatu na kitu?"

"Ni mashangazi."

"Na kwa Naim kuna video..." Nyaguthii alihesabu kimoyomoyo, akakata tamaa. "Za pikipiki?"

Zulekha aliona haya. Naim alikuwa fundi wa pikipiki pale Bungoma. Kila akimaliza kuifufua moja, humrekodia inavyonguruma. "Hunitumia nisikie."

"Kuna wanawake hutumiwa waridi. Wewe unatumiwa injini. Ndiyo maana chati yake ni nzito hivyo, simu ikijaribu kuifungua inazimia." Nyaguthii alichomeka waya kwenye kompyuta yake kuukuu. "Tunahamisha picha na video zote huku, simu ipumue. Halafu tunaweka app mpya. Lakini hii mashine ni mzee, itachukua masaa, na ukichomoa katikati, picha zako zitaharibika."

Walikaa wakiangalia kile kimstari cha kijani kikisogea kama mtu anayeenda mahali asikotaka. Saa kumi na mbili kikawa nusu. Nyaguthii akasimama, akafunika meza kwa kitambaa.

"Unafanya nini?"

"Sabato inaingia. Jua likizama sishiki bisibisi, unajua hilo."

"Nyaguthii, tafadhali! Kesho kutwa ndiyo Jumapili!"

"Na Jumapili asubuhi saa moja nitakuwa hapa. Mashine naiacha ikihamisha yenyewe."

"Kwani mashine haishiki Sabato?"

"Mashine haijabatizwa," Nyaguthii alijibu, akafunga kibanda kwa kufuli mbili.

*

Jumapili saa moja kasoro Zulekha alikuwa amesimama mbele ya kibanda na ushungi wake wa nyumbani. Kule nyumbani mama yake, Bi Nimo, alikuwa ameshateleka pilau ya wageni.

Picha zilikuwa zimehama zote. Nyaguthii aliweka app mpya, akamkabidhi simu bila kuigusa chati. "Fungua mwenyewe."

Zulekha aligusa jina la Naim. Simu ikasita kidogo. Chati ikafunguka, ikatulia.

*Zulekha, kabla wazee hawajaja, kuna jambo lazima ulijue. Mama alianguka jikoni wiki mbili zilizopita. Upande wa kushoto umelala. Ami Nasir anasema tunyamaze hadi nikaha ipite, lakini mimi siwezi kukuoa kwa kukuficha. Mama siwezi kumwacha. Ukinikubali itabidi uje uishi naye hapa Kanduyi, na duka lako la Kitale ulifunge. Najua ulivyolijenga. Ukikubali nijibu neno moja tu. Ukiona huwezi, usiseme kitu. Nikiona umesoma na umenyamaza, nitaelewa, na sitakuuliza tena.*

Chini yake kulikuwa na mwingine, wa Jumamosi asubuhi.

*Umesoma tangu Jumatano. Nimeelewa, na kinyongo sina. Jumapili Ami Nasir atakuja peke yake kuichukua barua kwa heshima. Nimemwambia aseme sababu imetoka kwangu. Mungu akupe wa kheri, Zule. Duka lako lisifungwe na mtu.*

Aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Amesema nimesoma. Nyaguthii, sikusoma! Wallahi sikusoma!"

Nyaguthii alisoma kwa juu ya bega lake, akashika mdomo. "Ni zile tiki mbili. Kila ulipoifungua, hata kwa sekunde moja kabla haijajifunga, kule kwake zilikuwa zimeshageuka buluu. Yeye anaona umesoma. Umesoma, na jibu hakuna."

"Siku nne."

"Siku nne, eh. Sasa mwandikie! Mwambie ndiyo!"

Vidole vya Zulekha vilikuwa juu ya herufi, vikakataa kushuka.

"Zule?"

"Ndiyo gani, Nyaguthii?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwamba nafunga duka? Hili duka nililianza na cherehani ya kuazima. Namtaka Naim, hilo hata wewe unalijua. Lakini mama yake nimemwona mara moja tu, siku ya barua, na alikuwa mzima. Nikijibu ndiyo sasa hivi, itakuwa ni kwa sababu ya hofu. Na ndiyo ya hofu haikai."

Nyaguthii alimfunga ushungi vizuri. "Basi fanya haraka. Huyo ami yake lazima ameshatoka Bungoma."

*

Baba yake, Mzee Bashir, alikuwa sebuleni katika kanzu iliyopigwa pasi, akinusa pilau kutoka mbali. Zulekha alipiga magoti mbele yake na kumpa simu bila kusema neno. Mzee alivaa miwani, akasoma polepole, ujumbe wa kwanza, kisha wa pili.

"Nilisema msipigiane," alisema mwishowe.

"Hatukupigiana, Baba. Tuliandikiana."

"Laini si ninayo mimi?"

"Ni wifi ya Nyaguthii."

Mzee Bashir alivua miwani. Bi Nimo, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, aligeuka upande ili asionekane akicheka.

"Huyu mtoto nimemzaa au nimemwajiri kama wakili?" Mzee akauliza, lakini sauti haikuwa na ukali. Alitazama tena simu. "Huyu kijana angeweza kunyamaza kama ami yake alivyomshauri. Tungejua tukiwa tumeshakula pilau ya harusi." Akamrudishia simu yake. "Sasa wewe unasemaje?"

"Sijajua, Baba. Nataka kumwona mama yake kwanza. Siwezi kujibu jambo la mtu ambaye sijakaa naye."

"Kwenda kwao? Kabla ya jibu? Watasema Bashir amembeba binti yake kumtembeza kama mtumba."

Zulekha aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka kwenye mkeka, akayaacha yadondoke. Mzee alikohoa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Nimo, mgonjwa ana haki gani juu yetu?"

"Kutazamwa," Bi Nimo akajibu upesi.

"Na anayetazama mgonjwa huomba ruhusa ya mila?"

"Haombi."

"Basi sisi hatuendi kwa mambo ya posa. Posa siijui leo. Tunaenda kumwona mgonjwa." Akaitoa simu yake mfukoni. "Hebu nimpigie Nasir. Mimi sikukatazwa na mtu."

Simu iliita mara tatu.

"Nasir? Umefika wapi? Webuye? Geuza gari. Hapana, hatujakasirika. Nimesema geuza, sisi tunakuja huko. Shemeji ni mgonjwa kwa wiki mbili, Nasir, na sisi tunapata habari kwa wifi?"

Alikata. Bi Nimo alikuwa bado mlangoni. "Na pilau yangu je?"

"Ibebe na sufuria yake."

Ndivyo walivyoondoka Kitale, kwenye gari la Probox la jirani yao Wanyoike, wazee mbele na nyuma, na Zulekha kando ya dirisha akiwa ameipakata sufuria ya moto iliyofungwa kwa shuka. Njia nzima alikuwa akiwaza duka lake, kibao cha rangi ya zambarau juu ya mlango, meza aliyoiagiza kwa seremala kwa kimo chake. Aliwaza pia juu ya mtu aliyeandika *duka lako lisifungwe na mtu*, akiwa yeye mwenyewe amevunjika moyo.

*

Nyumba ya kina Naim ilikuwa Kanduyi, mjini Bungoma, hatua chache kutoka barabara ya kwenda uwanjani. Naim alikuwa uani, mikono imejaa grisi, pikipiki imefunguliwa mbele yake. Alipoliona gari, akasimama. Alipomwona anayeshuka na sufuria, spana ilimtoka mkononi.

Mzee Bashir alimsalimia kana kwamba hakuna kitu, akaingia ndani kukutana na Ami Nasir, ambaye alikuwa amefika kabla yao bila kumwambia Naim lolote, na hakujua aweke macho wapi. Bi Nimo alichukua sufuria, akasimama kwenye kizingiti, mahali pa kuona bila kusikia sana.

"Zulekha," Naim akasema. "Sikutegemea..."

"Ulijuaje kwamba nimesoma?"

"Tiki. Zilikuwa buluu tangu Jumatano saa kumi na moja na dakika saba."

"Nilifungua, Naim. Kufungua si kusoma. App ilikuwa inajifunga kila nikigusa jina lako. Simu ilijaa pikipiki zako. Nimesoma leo asubuhi, saa moja na nusu."

Naim akaketi juu ya tairi. "Ina maana siku zote hizi..."

"Siku zote hizi nilidhani mama yako amenikataa. Na wewe ulidhani mimi nimemkataa mama yako."

"Subhanallah." Uso wake ulianza kufunguka. "Kumbe ni simu tu! Zule, kumbe..."

"Usifurahi bado. Nina hasira na wewe."

Naim akaiokota spana, akaiweka juu ya goti.

"Nani alikwambia uweke kimya kiwe jibu?" Zulekha hakupandisha sauti, lakini kila neno lilikuwa na uzito wake. "Uliniandikia jambo kubwa hivyo, halafu ukanifungulia mlango wa nyuma nitoroke bila kusema. Nani alikwambia natafuta mlango wa nyuma? Miaka miwili tunajuana. Kuna siku nimewahi kukukimbia?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Naim alijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Niliogopa kusoma neno hapana," alisema. "Nilijua nikiliona limeandikwa na wewe, nitaliona kila nikishika simu. Kimya nilidhani nitaweza kukivumilia."

"Umeweza?"

"Sijaweza. Tangu Alhamisi nafungua hii pikipiki na kuifunga. Haina ugonjwa wowote."

Zulekha aliitazama ile pikipiki maskini, imelala uani na matumbo nje, na karibu acheke. Lakini alijizuia.

"Jibu sijakupa," alisema. "Nimekuja kumwona mgonjwa."

*

Mama Fardosa alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu karibu na dirisha la uani. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelegea kidogo, na maneno yake yalikuja polepole, lakini macho yalikuwa ya mtu asiyepitwa na kitu.

"Karibu, mwanangu. Umemsema vizuri."

Zulekha alishtuka. "Umesikia?"

"Dirisha liko wazi. Mguu ndio umelala, masikio yangu yako macho. Nasikia hata kuku wa jirani akitaga." Alipapasa kitanda kwa mkono mzima. "Kaa. Mkono huu, si ule, ule haujui wageni."

Zulekha akaketi, akaushika ule mkono mzima.

"Pole sana, Mama. Hatukujua."

"Nasir alitaka msijue. Nilimwambia, Nasir, mtu atafichwaje mzigo ambao ataukuta kitandani? Hakusikia. Sasa niambie, Naim alikuandikia nini?"

Zulekha alimwambia yote, pamoja na lile la duka.

"Ati ufunge duka uje unilee?" Mama Fardosa alitoa pumzi ndefu. "Mwanangu ana moyo mzuri, lakini huwa ananipangia mambo kama nimeshakufa. Kuoga nasaidiwa na Chepkorir wa hapo jirani, na mazoezi ya mguu nafanya. Yaya sitafuti. Nikikuambia ninachokosa, utacheka."

"Sitacheka."

"Mtu wa kuongea naye. Naim akishasema pikipiki ya fulani imepona, basi, maneno yameisha hadi kesho."

Zulekha alicheka, tena kwa sauti.

"Mama, mimi siwezi kukaa bila kushona," alisema. "Nisikudanganye. Nikifunga duka nikakaa tu ndani, nitakuwa mkali, na ukali wenyewe nitakutolea wewe."

"Heri uniambie sasa." Mama Fardosa aliinua kidole kuelekea ukutani. "Hicho chumba cha mbele, kinachotazama barabara, baba yake Naim alikuwa akiuzia mafuta ya taa. Kimejaa tairi. Tairi zinaweza kulala nje. Hapa Kanduyi watu hawatembei uchi, au kule Kitale mnasikia vingine?"

"Wateja wangu wako Kitale."

"Najua. Utawapoteza wengi. Hilo siwezi kukurudishia, na sitakwambia ni dogo." Alimminya mkono. "Lakini cherehani ikilia hapo mbele, mimi huku nitajua kuna mtu nyumbani."

Zulekha alitazama nje dirishani. Naim alikuwa amekaa palepale juu ya tairi, mgongo kwao, hajagusa hata nati. Zulekha alijiuliza kama anamwonea huruma, akaona siyo huruma. Alikuwa amemkosa kwa siku nne, na siku nne zilikuwa nyingi.

Muda si muda wazee wakaingia. Mzee Bashir alitangulia, Ami Nasir nyuma yake amejikunyata, na Bi Nimo mwisho. Mzee alimpa mgonjwa pole, akamwombea dua, kila mtu akaitikia amina. Kisha akakohoa.

"Tulikuja kumwona mgonjwa, na tumemwona," alisema. "Lakini kwa kuwa barua ya watu ninayo, na watu wenyewe ndio hawa, si vibaya nikauliza. Zulekha, mwanangu. Hali umeiona kwa macho yako. Naim ameomba kukuoa. Unasemaje?"

Zulekha aliinamisha kichwa, kama kila binti wa kwao alivyofundishwa. Chumba kikawa kimya. Kimya cha mwali ndiyo idhini yake, hakuna asiyejua, na Ami Nasir, mtu mwenye haraka ya kumaliza aibu yake, alikuwa ameshaanza kuinua mikono.

"Alhamdulillahi, kimya chake ni..."

"Ami, ngoja," Zulekha akasema.

Mikono ya Nasir ilibaki hewani.

"Kimya changu kimeshasomwa vibaya mara moja," alisema, ameinua uso. "Mtu mmoja alikisoma kuwa hapana, na nyinyi mnataka kukisoma kuwa ndiyo, na mimi mwenyewe hakuna aliyenisikia. Leo sinyamazi. Ninakuja Kanduyi, na cherehani yangu inakuja nami. Tairi zitoke chumba cha mbele kabla ya nikaha. Kwa hayo, nimekubali."

"Lo!" Ami Nasir akasema. "Binti anajisemea?"

"Ni wakili," Mzee Bashir akajibu, na hakuweza kuficha kwamba anajivuna.

Bi Nimo alikuwa amevuta pumzi ya vigelegele, lakini Mama Fardosa akainua mkono mzima kumzuia. Aligeuza kichwa upande, amekunja uso.

"Umesemaje, mwanangu? Hili sikio la upande huu halinisikilizi siku hizi. Sema tena. Kwa nguvu."

Zulekha alimtazama. Masikio yanayosikia kuku wa jirani akitaga? Mama Fardosa hakupepesa jicho.

"Nimesema nimekubali," Zulekha akasema.

"Eh? Zaidi."

"NIMEKUBALI!"

Uani kitu kizito kilianguka kwa kishindo, kikafuatwa na beseni la vyuma lililobingiria hadi mlangoni. Halafu ikasikika sauti ya mwanamume mzima akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mama Fardosa alijilaza kwenye mito yake, ametosheka.

"Masikio yangu ni mazima," alimnong'oneza Zulekha. "Nilitaka yule wa nje naye alisome jibu."